Kazi Hii Ni ya Nani? Tuwasaidie Vijana Wetu Wajulikane

Leo tuongee habari ya vijana wetu wanaojifunza uchongaji, ushonaji na ususi wa viondo.

Ukipita Wamunyu, kwenye barabara ya Machakos kwenda Kitui, utaona twiga, vifaru na viboko vya mbao. Ukiuliza kifaru kile kimechongwa na nani, huenda ukajibiwa tu, "Ni vijana wetu wa hapa." Sawa, ni vijana wetu. Lakini yule aliyekaa siku 3 na tezo mkononi hana jina, na asiye na jina hupangiwa bei na broka.

Mzee Mutisya Munge jina lake lipo mpaka leo. Alikwenda Tanganyika wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akaona kazi ya wachongaji Wazaramo, na aliporudi Wamunyu akaanza kuchonga vya kuuza. Baada yake wamechonga maelfu ya Wakamba, hata Mombasa wakaanzisha chama chao cha ushirika kule Changamwe mwaka 1963. Wangapi kati yao tunaweza kuwataja? Hata Biblia, katika kitabu cha Kutoka, ilipoeleza kazi ya hema haikusema tu "mafundi". Ilimtaja Bezaleli na baba yake na kabila lake, na Oholiabu pamoja naye.

Makanisa yamekuwa katika jambo hili tangu zamani. Mwaka 1966 Baraza la Makanisa liliuliza watoto wanaomaliza shule ya msingi waende wapi, na hapo ndipo politekniki za vijijini zilipoanzia. Siku hizi ni vyuo vya ufundi chini ya serikali za kaunti. Fundi hutoka huko akijua kukata na kushona. Kujieleza mbele ya mnunuzi ni jambo ambalo kikundi cha mwethya kinaweza kumwongezea, tena bila gharama kubwa.

Kwanza, asiuze kila kitu. Kila miezi michache aweke kando kazi moja iliyo bora. Akilazimika kuiuza (na njaa haina subira, tunajua), aipige picha kwanza. Simu ya mwanakikundi yeyote yatosha. Picha ipigwe nje, kivulini, kazi ikiwa juu ya kitambaa kisicho na maua, na kando yake kiberiti ili mtu aone ukubwa. Kisha daftarini aandike ni mti gani au katani ya namna gani, siku alizotumia, bei, na jambo moja alilolibuni mwenyewe. Hili la mwisho ndilo gumu. Wengi watasema, "Nilifanya kama mwalimu." Msimwache hapo. Mwulizeni kwa nini shingo ya twiga wake imeinama, au kwa nini aliweka rangi ile ukingoni mwa kiondo. Jibu atakalotoa ndilo mwanzo wa kujijua kama fundi.

Halafu awe na alama. Mchongaji aichome chini ya kazi kwa msumari wa moto, msusi aishone ndani ya ukingo. Iwe ndogo, na asiibadilishe kila mwezi.

Sasa bei. Tuseme mti ni shilingi 400, msasa na nta 100, na siku 3 za kazi kwa 500 kila siku. Jumla ni 2,000. Broka akija na 900, kijana asiyejua hesabu hii ataona amebarikiwa. Kwa hivyo katika mkutano wenu mama mmoja ajifanye mnunuzi, tena mkali. "Mbona ghali hivi? Pale ng'ambo ni nusu!" Kijana asimame ajibu, daftari mkononi. Mtacheka, naam, lakini siku ya soko hatatetemeka.

Kuhusu kuigwa: ofisi ya serikali ya mali ya ubunifu, KIPI, iliyoko Nairobi, husajili muundo mpya kwa miaka 5, na waweza kurudiwa mara mbili. Twiga wa kila siku hasajiliwi, lazima muundo uwe mpya kweli. Basi ulizeni huko kabla ya kuupeleka sokoni. Kwa vikundi vingi tunaona alama ya pamoja ya kikundi ina faida zaidi, maana hudumu miaka 10 na husajiliwa tena, na ada mnachanga wote.

Mkiwa na kijana mmoja tu anayesoma ufundi, anzeni naye. Mkutano ujao aje na kazi 2 na daftari, na mmpe robo saa kabla ya kukusanya michango.