Fibre ya nguruwe na fibre ya mtu: tusichanganye

Wandugu, neno «fibre» tunalitumia sana, kumbe liko na maana mbili.

Fibre ya chakula ni ile sehemu ya mmea ambayo utumbo mdogo hauwezi kusaga. Ingine inavuta maji na kuwa kama uji mzito, na sukari inaingia damuni polepole. Ingine inajaza choo na kukilainisha.

Fibre brute, ile ya majedwali ya chakula cha nguruwe na kuku, ni kile kinachobaki kisha kuchemsha sampuli katika asidi, halafu katika soda kali, na kutoa majivu. Pale, fibre inayoyeyuka katika maji inapotea karibu yote. Njo maana maharagi yanaonekana maskini kuliko yalivyo.

Kwa hiyo mama mwenye ugonjwa wa sukari akikuuliza ale nini, usimsomee jedwali la nguruwe. OMS inaomba mtu mkubwa apate angalau gramu 25 za fibre kwa siku, kutoka chakula chenyewe. Maharagi, sombe na lengalenga viko sokoni. Na kama ni bugali, unga usitolewe pumba yote. Nguruwe asibakie nayo peke yake.