Istilahi za Vyombo vya Sauti katika Kofia ya Pikipiki

Kofia ngumu ya mwendesha pikipiki, ambayo wengi huiita helmeti, siku hizi hupachikwa vyombo vidogo vya umeme vya kumwezesha mvaaji kusikia maelekezo ya njia, kupokea simu, au kuzungumza na abiria wake na waendeshaji wenzake. Katika makala haya tunakusudia kueleza mambo ya kuangaliwa na mtu anayechagua vyombo hivyo, na papo hapo kupendekeza istilahi zake. Mambo haya mawili hayatengani, kwani mnunuzi asiyepewa maneno ya kutofautisha vitu viwili hawezi kuchagua kati yake.

1. Maikrofoni na spika

Neno kipaza sauti limezoeleka mno, lakini hutumiwa kwa vitu viwili vilivyo kinyume: kile kinachopokea sauti ya msemaji na kile kinachoitoa kwa msikilizaji. Katika mkutano wa hadhara utata huo hauna madhara makubwa. Ndani ya kofia una madhara, kwa sababu kimoja hukaa mbele ya mdomo na kingine hukaa sikioni. Kijitabu kinachoagiza "weka kipaza sauti mahali pake" hakimsaidii mtu.

Tunapendekeza maikrofoni kwa kinachopokea na spika kwa kinachotoa. Kinasa sauti hakifai hapa, kwa kuwa kimekwisha kuwa jina la chombo cha kuhifadhi sauti. Huenda msomaji akahofu kwamba spika itachanganywa na kiongozi wa Bunge. Hofu hiyo inaondolewa na upatanisho wa sarufi: Spika wa Bunge amesema, bali spika ya kofia imeharibika.

Kwa mnunuzi, jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba kofia ina nafasi ya spika kwenye masikio. Spika isiyoelekea tundu la sikio husikika hafifu hata ikiwa ya bei kubwa. Haifai kuchonga sponji ngumu ya ndani ili kupata nafasi, kwani sponji hiyo ndiyo inayopunguza nguvu ya kishindo kichwani. Maikrofoni ya mkono hufaa kofia iliyo wazi usoni, na maikrofoni ya waya, ambayo hubandikwa, hufaa kofia inayofunika kidevu.

2. Zamu, mnyororo na wavu

Simu ya upepo ina desturi yake: mmoja hubonyeza kitufe na kusema, mwingine hungoja. Haya tunayaita mazungumzo ya zamu. Vyombo vingi vya kofia huruhusu watu kusema na kusikia kwa wakati mmoja. Hayo ni mazungumzo ya pamoja. Kwa hiyo si sahihi kuviita vyote simu za upepo. Simu ya ndani nayo ni jina la ofisini, na barabarani hupotosha. Jina la jumla liwe chombo cha mawasiliano cha kofia.

Vingi vya vyombo hivi hutumia Bluetooth. Neno hili ni jina maalumu lililotokana na lakabu ya Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10; mfasiri asije akaandika "jino la buluu". Katika mpango wa kawaida wa Bluetooth, waendeshaji kadhaa huungana mmoja baada ya mwingine. Tunauita mawasiliano ya mnyororo: pete moja ikikatika, walio mbele hawawasikii walio nyuma. Mpango mwingine humfanya kila mmoja apokee na kupitisha sauti za wenzake, hata mmoja akitoka sauti hupata njia nyingine. Huu tunauita mawasiliano ya wavu. Mvuvi anajua kwamba wavu haupotei wote kwa kukatika uzi mmoja. Ikumbukwe kwamba aghalabu wavu wa mtengenezaji mmoja haupokei chombo cha mwingine. Kundi linalonunua lishauriane kwanza.

3. Masafa na umbali

Masafa ni umbali, na pia ni idadi ya mitetemo ya wimbi kwa sekunde. Bluetooth hutumia masafa ya gigahezi 2.4, hapa neno lina maana ya pili. Tunashauri katika vijitabu hivi masafa yaachiwe mawimbi, na nafasi kati ya waendeshaji iitwe umbali wa mawasiliano. Umbali unaotajwa na watengenezaji kwa kawaida ni wa mahali peupe. Milima, kona na majengo huupunguza sana.

4. Maji

Kustahimili mvua si sawa na kutopitisha maji. Katika alama za kimataifa za kinga, tarakimu ya pili ndiyo ya maji: 4 huonyesha kinga dhidi ya marusharusha, na 7 huonyesha kwamba chombo kinaweza kuzamishwa hadi mita 1 kwa dakika 30. Mfasiri anayetumia kauli moja kwa alama zote mbili humdanganya mnunuzi bila kukusudia.

5. Kelele na sheria

Katika mwendo wa kilomita 100 kwa saa, upepo ndani ya kofia waweza kupita desibeli 90. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini hupendekeza desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda huo kwa nusu. Desibeli 94 ni kwa saa 1 tu. Kwa hiyo kuongeza sauti ili kuishinda kelele ni kuongeza hatari. Sauti ni kitu kinachotakiwa na kelele ni kisichotakiwa, kijitabu kisiyachanganye.

Watumishi wanaotunga kanuni wajihadhari vilevile. Tangu Julai 2015 Ufaransa imekataza dereva kuvaa sikioni chombo cha kutoa sauti, lakini haikukataza kilichopachikwa ndani ya kofia. Kama vyote viwili vingeitwa vipokea sauti vya masikioni, kanuni hiyo kwa Kiswahili ingemtia hatiani mtu asiye na kosa.

Tunayatoa mapendekezo haya ili walimu, wafasiri na mafundi wayapime katika kazi zao. Neno lililo bora kuliko letu likiwapo vinywani mwa waendeshaji wenyewe, hilo ndilo litangulizwe, mradi litenganishe vitu ambavyo usalama wa mtu unadai vitenganishwe.