Maji ya Barabarani na Samaki wa Mabondeni

Mvua yetu ya Songea ni ya msimu mmoja kwa mwaka. Huanza aghlabu mwezi wa Novemba au Desemba, na haikomi mpaka Aprili. Katika miezi ya kiangazi iliyotangulia, kila kidondokacho juu ya lami hukaa papo hapo kikingoja: mafuta ya magari, masizi, vumbi la mipira ya magurudumu na la breki, mavi ya ng'ombe wapitao, na taka za madukani. Ikija mvua ya kwanza, vyote hivyo huondoka kwa siku moja. Msomaji wetu wa Msamala hana haja ya kuelezwa. Ameyaona maji ya mtaroni siku ile, meusi mwanzo, kisha mekundu kama udongo wetu ulivyo. Lakini wachache hujiuliza, baada ya kuupita mlango wake, maji yale huenda wapi na humkuta nani.

Huenda mbali. Katika milima ya Matogoro, tuionayo kila asubuhi, ndipo unapoanzia mto Ruvuma, nao husafiri karibu kilomita 800 mpaka Bahari ya Hindi. Maji mengine ya mkoa wetu huteremka kwa mto Ruhuhu hadi Ziwa Nyasa. Huko ziwani yuko mbasa, samaki ambaye wageni wa Mbamba Bay hawaondoki bila ya kumwonja. Mbasa hakai ziwani tu. Wakati wa kuzaa hupanda mitoni, akatafuta changarawe safi ya kutagia. Basi tope likifunika changarawe ile, mayai hukosa hewa yakafa.

Tufanye hesabu kidogo, kwani bila ya hesabu jambo hili huonekana dogo. Chukua barabara yenye upana wa mita 7 na urefu wa kilomita 1. Eneo lake ni mita za mraba 7,000. Ikinyesha mvua ya milimita 10 tu, ambayo kwetu si mvua ya kutajwa, maji yake ni lita 70,000, yaani mapipa 350 ya lita 200. Lau pangekuwa na nyasi, sehemu kubwa ingenyweka ardhini. Lami hainywi kitu. Yote hukimbilia mtaroni kwa pamoja, na kwa kuwa nchi yetu ni ya miinuko, hufika chini yana nguvu ya kung'oa udongo.

Madhara kwa samaki ni ya namna nyingi, nami nitataja yaliyo makubwa. Udongo mwembamba huingia katika mashavu yake ya kupumulia, akawa kama mtu avutaye pumzi ndani ya vumbi. Taka zinazooza hula hewa iliyomo majini. Ndiyo sababu, alfajiri ya siku baada ya mvua kubwa, perege huonekana wakitoa vinywa juu ya maji. Perege jike huatamia mayai yake kinywani, basi akikosa pumzi huyatema, na kizazi kile kimepotea. Ama vumbi la breki lina shaba, na shaba hata kidogo humharibia samaki hisi ya kunusa, ambayo kwayo humjua adui.

La mipira ya magari ndilo la ajabu zaidi. Katika mji wa Seattle, Marekani, kwa miaka mingi watu waliona samaki waitwao coho wakipanda vijito vya mjini baada ya mvua na kufa kabla ya kutaga. Mwezi wa Desemba 2020 wataalamu walitangaza kuwa wameipata sababu: katika mipira hutiwa dawa ya kuizuia isipasuke, na dawa hiyo ikikutana na hewa ya ozoni hugeuka kuwa sumu. Jamaa yake coho, aitwaye chum, hakufa katika maji yale yale. Hivyo si samaki wote wadhurikao sawasawa, na mtu asiseme sumu haipo kwa sababu samaki wa aina moja wamesalimika.

Lakini wataalamu wa huko walikuwa wameona jambo jingine tangu 2015, nalo latufaa sisi zaidi. Walichukua maji ya barabarani yaliyokuwa yakiua samaki, wakayapitisha katika mchanganyiko wa mchanga na mboji, kisha wakawatia samaki humo, nao wakaishi. Mchanga na mboji! Vitu ambavyo hapana kaya ya Msamala isiyoweza kuvipata.

Hapa kwetu ufugaji wa samaki si jambo la pembeni. Serikali ina kituo cha kuzalisha vifaranga vya samaki pale Ruhila, na wazazi wengi wamechimba mabwawa mabondeni ili watoto wapate kitoweo na karo. Katika bonde moja nilijualo, mtaro ulichimbwa kutoka barabarani na mdomo wake ukaelekezwa juu ya bwawa la mjane mmoja. Mvua ya kwanza ikaleta mafuta na tope, na samaki wakaelea. Jirani wa upande wa pili, alipoombwa mtaro upite kwake, akasema kila mtu na bahati yake. Shauri likaletwa msikitini baada ya sala ya alasiri, watu wakagawanyika.

Rai yangu niliitoa pale pale, nami naiandika hapa. Maji yashukayo yenyewe kwa mteremko hayana mwenyewe wa kulaumiwa. Lakini maji yaliyokusanywa kwa mkono wa mtu na kumwagwa mahali pamoja yana mwenyewe, na kila aliyesoma fiqhi ajua kanuni ya kukataza kumdhuru mwenzio. Mtume (S.A.W.) alikataza mtu kujisaidia kwenye mapito ya maji, njiani na kivulini. Mafuta machafu ya gereji yamwagwapo mtaroni, mapito ya maji na njia yote mawili yamechafuliwa kwa tendo moja. Nayasema haya nikijua kuwa vijana waoshao magari ni wanetu, nao watafuta riziki ya halali. Hatuwafukuzi, twataka waoshee mbali na kijito, na mafuta machafu yatiwe katika madumu.

Sheria ya nchi nayo si kimya. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 imezuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na imetaka miradi mikubwa, zikiwamo barabara kuu, ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kujengwa. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 yataka kibali kwa atakayemwaga maji machafu katika mto. Mwenye malalamiko aanze kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha Manispaa, na Bodi ya Maji ya Bonde, kwa maandishi na kwa tarehe, wala si kwa kunung'unika barazani.

Bonde lile, baada ya maneno mengi, lilitengenezwa hivi. Mtaroni pakapangwa mawe kila baada ya hatua chache, ili maji yapunguze mbio. Penye mdomo pakachimbwa shimo la kutulizia tope, na kutoka hapo maji hupita katika ukanda wa matete na tuta la mchanga na mboji kabla ya kuingia bondeni. Jirani aliyekataa ndiye aliyetoa ardhi ya shimo, kwa sharti la kupewa mchanga. Mjane naye huliziba lango la bwawa lake kwa mvua mbili za mwanzo. Shimo limekwisha kujaa na kuzolewa mara mbili. Tope la juu lenye mafuta hufukiwa mbali na maji na bustani, na mchanga wa chini jirani ameupigia lipu nyumba ya mwanawe.