Wachina Wanasaidia Namna Gani Mutu Aliyepooza Upande?



Muhula uliopita baba ya mwenzetu mumoja wa darasa la tano alipigwa na ugonjwa wa kupooza. Alilala muzima, asubuhi mukono wa kuume ulikataa, mudomo ukaenda upande, maneno hayakutoka. Jamaa waligawanyika: hawa walisema lopitali, wale walisema kwa munganga wa miti. Mwisho walifanya yote mawili, lakini kwa siri. Dawa ya miti ilikuwa ikiingia usiku ndani ya chupa, na wanganga wa hospitali hawakuambiwa kitu.

Habari hiyo ilileta mabishano makubwa katika nyumba ya kulala. Mumoja akasema: «Lakini Wachina wanachanganya dawa zote mbili, njo maana wanapona!» Wengine wakacheka. Sisi kapita wa shule pamoja na wenzetu wa darasa la sita tuliombwa kutafuta ukweli wa neno hilo. Haya ndiyo tuliyopata.

Kwanza ugonjwa wenyewe. Tulijifunza katika biolojia kwamba ubongo hauwezi kuweka akiba. Unangojea damu kila dakika. Mushipa ukizibwa na damu iliyoganda, ao ukipasuka, sehemu ile ya ubongo inaanza kufa. Na kwa sababu upande wa kushoto wa ubongo unaamuru upande wa kuume wa mwili, mutu anapooza upande ule mwingine. Ndugu zetu wa Tanzania na Kenya wanauita kiharusi, wanganga wetu wanasema AVC. Wachina wanasema zhongfeng, maana yake «kupigwa na upepo». Upepo huo si pepo muchafu, tusikosee. Wazee wao waliona tu kwamba ugonjwa huu unafika ghafula, sawa upepo unavyoangusha muti.

Kati ya wazee hao mumoja alitushangaza sana, jina lake Wang Qingren. Mwaka 1797 ugonjwa mubaya uliua watoto wengi katika inchi ya Luanzhou. Maskini waliwazika ndani ya mikeka, karibu na uso wa udongo, na imbwa wakafukua. Watu walipita wakifunga pua. Wang alikwenda pale kila asubuhi, siku kumi, kutazama viungo vya ndani na kuvilinganisha na picha za vitabu vya zamani. Akaona vitabu vimekosa. Mwaka 1830, mwaka moja mbele ya kufa kwake, alitoa kitabu cha kusahihisha makosa ya wanganga. Aliandika humo kwamba mawazo na kumbukumbu viko ndani ya ubongo, si ndani ya moyo. Naye pia alikosea: alifikiri mushipa mukubwa unaotoka kwa moyo unabeba pumzi, juu alikuta hauna damu katika maiti.

Ni yeye aliyetunga dawa ya kupooza ambayo Wachina wanaipika hata leo, Buyang Huanwu Tang. Alieleza hivi: nguvu ya mwili ni sehemu 10; zikipotea 5, upande moja unabaki bure. Dawa inapashwa kurudisha zile 5. Inapikwa na vitu saba: mizizi mingi sana ya muti unaoitwa huangqi, na vitu vingine kidogo kidogo, kati yao maua, mbegu za matunda, na nyungunyungu waliokaushwa. Ndiyo, minyoo ya udongo! Wenzetu walipiga kelele tuliposoma hapo, lakini tuendelee.

Baada ya mwaka 1949 serikali mpya ya China ilikuwa na watu wengi mno na wanganga wachache waliosoma kizungu. Wanganga wa kienyeji walikuwa kila mahali. Basi iliamua wasifukuzwe, bali wasomeshwe, na wale wa kizungu wajifunze dawa ya kienyeji. Mwaka 1956 vyuo vikubwa vine vya dawa ya Kichina vilifunguliwa, katika Beijing, Shanghai, Guangzhou na Chengdu. Hapo ndipo kuchanganya kulikuwa kazi ya serikali na ya shule, si mambo ya kila familia kujitafutia usiku.

Katika muji wa Tianjin munganga Shi Xuemin alianza mwaka 1972 namna mupya ya kudunga sindano kwa wagonjwa hawa. Sindano hizo si zile za kutia dawa. Ni nyembamba sana na hazina kitu ndani. Alidunga upande wa ndani wa mukono juu ya kifundo, chini ya pua, na upande wa ndani wa muguu. Mwingine, Jiao Shunfa wa jimbo la Shanxi, alifanya kitu kinachoonyesha vizuri huku kuchanganya. Yeye alijua ramani ya ubongo jinsi inavyofundishwa katika vyuo vya kizungu. Akachora juu ya ngozi ya kichwa mustari unaofuata pale ubongo unapoamuru miguu na mikono, akadunga sindano kwa mustari ule. Sindano ya wazee, ramani ya kizungu.

Basi mugonjwa katika hospitali ya namna hii anapita wapi? Kwanza hakuna sindano wala muti. Kuna mashini ya kupiga picha ya kichwa, kusudi wajue kama mushipa umezibwa ao umepasuka. Hapa hakuna muchezo: dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inatolewa ndani ya masaa 4 na nusu, na ukimupa yule ambaye mushipa umepasuka, unaweza kumuua. Kwa hiyo Wachina wenyewe wanafundisha watu namba 1-2-0, ndiyo namba ya simu ya kuita gari la wagonjwa kwao. Moja: tazama uso moja, kama umepinda. Mbili: mikono miwili, kama moja inaanguka. Sifuri, ambayo katika luga yao inasikika sawa neno «sikiliza»: sikiliza kama anasema vizuri. Ukiona kimoja, piga simu. Usianze kuchoma vidole kusudi damu itoke, kama wengine kwao wanavyofanya na kupoteza wakati.

Hatari ikiisha, ndipo kazi ndefu inaanza. Mugonjwa anajifunza kuketi, kusimama, kushika kikombe, kusema majina ya watoto wake. Anarudilia mara mingi sana, kwani sehemu ya ubongo iliyobaki nzima inaweza kujifunza kazi ya ile iliyokufa, lakini inajifunza kama sisi tunavyojifunza hesabu, kwa kurudilia. Siku ile ile anadungwa sindano, na wengine wanapewa dawa ya kupika. Tansio inapimwa, na vidonge vyake haviachwi.

Je, sindano zinaponyesha? Hapa tunapaswa kusema kweli, hata kama yule mwenzetu wa «njo maana wanapona» atakasirika. Mwaka 2016 wataalamu walikusanya majaribio 31 yenye wagonjwa 2.257. Waliona labda sindano zinasaidia kidogo, lakini majaribio mengi hayakufanywa vizuri, kwa hiyo hawakuweza kuhakikisha. Mwaka 2024 Wachina walitoa habari ya jaribio kubwa la dawa moja ya miti kwa watu ambao mushipa umepasuka: wagonjwa 1.648 katika hospitali 26. Wengine walipewa dawa yenyewe, wengine maji yanayofanana nayo, na mugonjwa hakujua amekunywa nini. Baada ya siku 90 hakukuwa tofauti. Walitangaza hivyo, bila kuficha. Sisi tunaona neno hili ni kubwa kuliko sindano.

Na kuna lingine. Muti mumoja wa Kichina, danshen, unatumiwa sana kwa mambo ya damu. Ukichanganywa na warfarin, dawa ya hospitali inayozuia damu kuganda, mutu anaweza kutoka damu bila kusimama. Katika hospitali inayochanganya, munganga wa miti na munganga wa vidonge wanaandika ndani ya fishi moja, na kila mumoja anaona mwenzake ametoa nini. Kwa baba ya mwenzetu fishi ilikuwa moja, lakini chupa haikuandikwa humo.

Tulimusomea mwenzetu karatasi hii mbele ya kuipiga mashini. Alinyamaza. Juma lililofuata alipata ruhusa, akaenda na ile chupa mpaka hospitali. Alikuwa anaogopa watamukaripia mama yake. Munganga alinusa, akauliza jina la muti, akaandika, akasema waache kwanza mpaka apime damu. Baba anasimama sasa kwa fimbo. Kikombe bado kinamushinda. Kinaanguka, wanakiokota, anaanza tena.