Nafasi ya Ultrasaundi katika Uhamishaji wa Kiinitete

Uhamishaji wa kiinitete ni miongoni mwa hatua za mwisho za tiba ya utungishaji nje ya mwili, nao huchukua dakika chache tu. Hatua zinazoutangulia, yaani uchocheaji wa ovari, uvunaji wa mayai, utungishaji na ukuzaji wa kiinitete maabara, huchukua wiki kadhaa na gharama kubwa. Kosa la milimita chache katika dakika hizo laweza kubatilisha kazi yote hiyo. Makala haya yanafafanua chanzo cha kosa hilo na namna picha ya ultrasaundi inavyolipunguza. Kiistilahi, kiinitete kinamaanisha hapa hatua ya siku za mwanzo baada ya utungisho, wala hakipaswi kuchanganywa na kijusi, ambacho ni hatua ya baadaye.

Tangu kuzaliwa kwa Louise Brown huko Oldham, Uingereza, tarehe 25 Julai 1978, na kwa miaka mingi baadaye, uhamishaji ulitegemea zaidi hisi ya mkono. Daktari aliipitisha katheta katika mlango wa kizazi hadi alipohisi ncha yake imegusa kilele cha mji wa mimba, akairudisha nyuma milimita 5 hadi 10, ndipo akakiachilia kiinitete. Utaratibu huo una kasoro mbili. Kwanza, mguso wenyewe una madhara: kilele kinapoguswa, misuli huamka na kukaza, na mikazo hiyo yaweza kukisukuma kiinitete kuelekea mlango wa kizazi au mirija. Fanchin na wenzake walionesha mwaka 1998 kwamba wanawake waliokuwa na mikazo mingi wakati wa uhamishaji walipata mimba kwa kiwango cha chini. Pili, hisi hudanganya. Woolcott na Stanger, katika utafiti wa mwaka 1997, walibaini kwa ultrasaundi kwamba mrija unaoiongoza katheta uligusa kilele bila kukusudiwa katika asilimia 17.4 ya uhamishaji. Aidha, katheta laini, ambayo hupendekezwa kwa kuwa haiujeruhi utando, huweza kujikunja njiani huku mkono ukidhani inasonga mbele. Kwa maoni ya mwandishi, hoja hii ya pili ndiyo nzito zaidi, kwa kuwa uzoefu wa daktari hauiondoi kabisa.

Matumizi ya ultrasaundi katika kazi hii yaliripotiwa na Strickler na wenzake mwaka 1985. Kwa kawaida kichunguzi huwekwa juu ya tumbo, kibofu kikiwa kimejaa. Mkojo huyapitisha vizuri mawimbi ya sauti, ilhali gesi ya utumbo huyazuia. Pia kibofu kilichojaa huunyoosha mji wa mimba ulioinamia mbele, katheta ikapita bila kulazimishwa. Mwongozo wa mwaka 2017 wa Jumuiya ya Marekani ya Tiba ya Uzazi unaelekeza kwamba ncha iwekwe sehemu ya juu au ya kati ya mji wa mimba, zaidi ya sentimita 1 kutoka kilele. Kiinitete chenyewe hakionekani kwenye skrini, kwa kuwa ni kidogo mno. Kinachong'aa ni mapovu ya hewa yaliyovutwa pamoja nacho ndani ya katheta. Mgonjwa anayeoneshwa nukta hiyo nyeupe na kuambiwa kuwa ndiyo mtoto wake anaoneshwa hewa, na ni haki yake kuelezwa hivyo.

Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2016 yalikadiria kwamba pale ambapo uwezekano wa mimba kuendelea au mtoto kuzaliwa ni asilimia 23 kwa hisi ya mkono, ultrasaundi huupandisha hadi kati ya asilimia 28 na 33. Hata hivyo, ushahidi huo ulipewa daraja la chini la ubora. Daktari hawezi kufichwa kama anaiona picha au la, na tafiti zilizojumuishwa hazikutumia katheta za aina moja.

Zipo pia hali ambamo picha ya tumbo haisaidii sana. Mji wa mimba ulioinamia nyuma huwa mbali na kichunguzi, na mafuta mengi ya tumbo huififisha picha. Kichunguzi cha ukeni huona vizuri zaidi, tena bila kuhitaji kibofu kijae, lakini hugombania nafasi na spekulamu na katheta. Isitoshe, njia ya tumbo huhitaji mtu wa pili wa kukishika kichunguzi, jambo ambalo kliniki yenye daktari mmoja na mtaalamu mmoja wa viinitete haiwezi kulimudu bila kumfundisha muuguzi kazi hiyo.