Je, Wajua? Figo Huweza Kuvuja Damu Bila Jeraha

Mtu hajaanguka, hajapigwa, hajapata ajali, na bado damu inamwagika kuzunguka figo lake. Mwaka 1856 Mjerumani Carl Wunderlich, daktari yule yule aliyewazoesha wenzake kufuatilia homa kwa kipimajoto, aliieleza hali hii, na hadi leo inaitwa kwa jina lake.

Dalili kuu ni maumivu makali ya ghafla ubavuni, uvimbe upande huohuo, na presha kushuka. Mara nyingi hazitimii zote. Tena mkojo unaweza kuwa safi kabisa, kwa kuwa damu imejikusanya nje ya figo. Hapo ndipo wengi hupotea njia. Chanzo mara nyingi ni uvimbe wa figo, hasa ule wa mafuta na mishipa ya damu, au saratani. Dawa za kuzuia damu kuganda nazo huchangia.

Ekografia huonyesha damu. Skana huonyesha vizuri zaidi inakotoka. Mgonjwa hutundikiwa serumu na kuongezewa damu. Utando unaozunguka figo huweza kuibana damu mpaka ikome yenyewe. Isipokoma, mshipa huzibwa kupitia mrija mwembamba, au figo hutolewa.

Ndugu wa Kasongo na Kabambare, safari ya pikipiki hadi hospitali kuu ni ndefu. Mkiona mtu ana maumivu hayo ya ubavuni pamoja na jasho baridi na kizunguzungu, msingoje kupambazuke. Msimpe aspirini, na waende naye watu wawili watatu walio tayari kutoa damu.