Alikuta kaburi chini ya mti, akaandika historia ya wake wa manahodha

MWAKA 1984 Joan Druett alikuwa matembezini katika kisiwa cha Rarotonga, Bahari ya Pasifiki, alipoona mti mkubwa uliong’oka na mizizi yake. Akajikuta ndani ya shimo lililoachwa na mti huo. Humo mlikuwa na jiwe la kaburi.

Lilikuwa la Mary Ann Sherman, Mmarekani, mke wa nahodha wa Harrison, meli ya kuwinda nyangumi. Alifariki Januari 1850 akiwa na miaka 24 tu.

Swali likaanza kumsumbua: huyu dada alifikaje huku? Si meli za nyangumi zilikuwa za wanaume watupu?

Druett hakuwa profesa wa historia. Alizaliwa New Zealand mwaka 1939, akasoma Wellington, kisha akafundisha baiolojia na fasihi ya Kiingereza. Kitabu chake cha kwanza kilihusu mimea na wanyama walioletwa nchini mwake kutoka ng’ambo. Mambo ya nyangumi aliyaanza akiwa na miaka 45, umri ambao wengi huambiwa wamechelewa.

Mwaka 1986 alipata ufadhili wa Fulbright, akaenda Marekani kwenye miji iliyokuwa ikituma meli hizo, kama vile New Bedford na Nantucket. Huko akakuta shajara na barua za wake wa manahodha, zimeandikwa kwa mkono. Kumbe walikuwa wengi!

Na maisha yenyewe hayakuwa mchezo. Safari moja ingeweza kuchukua miaka mitatu au minne. Nyangumi akishauawa alifungwa ubavuni mwa meli, shahamu yake ikakatwa na kuchemshwa papo hapo kwenye masufuria makubwa ili kupata mafuta ya taa. Moshi na uvundo vilienea kila mahali. Sasa hebu fikiria kujifungua mtoto humo, mara nyingi ukiwa mwanamke pekee melini. Wapo waliojifungua.

Aliyenigusa mimi zaidi ni Mary Brewster. Mama aliyemlea alikataa katakata asisafiri, akamwambia akithubutu kwenda nyumba ile haitakuwa kwao tena. Mary alipanda meli ya Tiger mwaka 1845 hata hivyo. Kichefuchefu kikamtesa vibaya, lakini kubaki nchi kavu akimngojea mume kwa miaka hakutaka. Mwaka 1849 alifika na meli hiyo hadi kwenye barafu za Aktiki.

Druett alihariri shajara za Mary zikachapishwa mwaka 1992. Mwaka mmoja kabla alikuwa ametoa Petticoat Whalers, kuhusu wanawake hao, kikiwa na michoro ya mumewe, Ron, msanii wa mambo ya bahari.

Baadaye alizigeukia shajara za mabaharia wenyewe. Nahodha wa meli ya Sharon aliuawa mwaka 1842, na kwa miaka mingi sifa zote zilimwendea kijana Benjamin Clough aliyeikomboa meli peke yake. Kwa nini nahodha aliuawa? Hilo halikusemwa. Katika kitabu chake cha mwaka 2003, Druett alionyesha kwamba nahodha huyo alikuwa amempiga mtumishi wa meli, George Babcock, hadi akafa. Mabaharia waliona, wakarudi nyumbani, wakanyamaza.